Muulize Mjomba: Fatboy, Slim au Super, mashine gani ya namba inanyoa vizuri?

Wiki hii ndevu tu. Barua za mapenzi na za mashamba zitangoja, manake hizi za mashine za wembe zimejaa mpaka mhariri ameniambia nizimalize zote mara moja.

Jambo Mjomba. Mimi ni mstaafu wa jeshi, niko Bombo. Kazi nimeacha lakini kunyoa kila asubuhi sijaacha. Kijana wangu yuko Uingereza na anataka kuniletea mashine ya wembe ya zamani, zile Gillette zenye pete ya namba shingoni. Ametuma picha tatu: moja fupi nene, moja nyembamba, moja mkono mweusi. Nataka ile inanyoa karibu kabisa, mtu akipitisha mkono asisikie kitu. Nichague gani?

Afande, salamu, na huyo kijana umemlea vizuri.

Ile fupi nene ndo watu wanaita Fatboy. Kiwandani kwa Gillette huko Boston haikuitwa hivo, ilikuwa inaitwa 195 sababu bei yake ilikuwa dola 1.95. Ilianza 1958 ikaachwa 1961. Ni ya shaba iliyopakwa nikeli na ukiishika unasikia umeshika chuma kweli. Ile nyembamba ni Slim, ndo iliichukulia nafasi hiyo 1961. Yenye mkono mweusi ni Super Adjustable, hiyo ilianza 1968, mkono mrefu kidogo, na wazungu wengine wanaiita Black Beauty. Kuna na ya nne hayuko kwa picha zako, Toggle, ya rangi ya dhahabu, inafunguliwa na kijiti cha chini badala ya kuzungusha, lakini hiyo siku hizi ni ya watu wa kukusanya vitu vya zamani, bei yake itakutoa jasho bure.

Hizo tatu zako zinafanya kazi namna moja. Unazungusha kifundo cha chini, milango miwili ya juu inafunguka, unalaza wembe wa pande mbili, unafunga. Alafu pale shingoni kuna pete, namba 1 mpaka 9. Ukipanda namba, kile kibao chini ya wembe kinashuka, nafasi kati ya makali na ule ukingo wa kulinda ngozi inakuwa kubwa, makali yanatokeza. Ukishusha namba makali yanajificha. Ni hiyo tu, hakuna uchawi mwingine ndani.

Sasa pale watu wanapopotea ni hapa: wanafikiri 9 ni kunyoa karibu na 1 ni kunyoa mbali. Hapana Afande. Namba inasema wembe utameza nywele kiasi gani kwa mpito mmoja. Mtu amekaa wiki nzima bila kunyoa, akiweka 2 itaziba na kuvuta mpaka machozi, huyo apande 6 au 7 aondoe msitu kwanza, alafu ashuke. Wewe unanyoa kila siku, nywele zako ni fupi kama mchanga, ukiweka 9 wembe unakosa nywele unaanza kula ngozi. Anza na 3. Ikiwa baada ya siku kadhaa bado unasikia mabaki, nenda 4. Wengi hawahitaji kupita 5.

Ile kunyoa mpaka mkono usisikie kitu inatoka kwa vitu vingine kabisa: maji ya moto usoni kwanza, povu nzito iliyopigwa na brashi, wembe ambao haujachoka, kuuweka kwa pembe ya kama nyuzi 30 na ngozi, kutokandamiza kabisa (hizi mashine ni nzito, acha uzito wake ufanye kazi), na kurudia povu kwa mpito wa pili. Kama ngozi yako inakubali, mpito wa pili uende kwa upande. Mtu mwenye Slim na povu nzuri atamshinda mwenye Fatboy na sabuni ya kufulia kila siku.

Kwa hiyo gani? Slim. Waliozitumia zote wengi wanasema kwa namba ile ile Slim ni mpole kidogo kuliko Fatboy, na kichwa chake chembamba kinaingia vizuri chini ya pua, pale ambapo Fatboy inahangaika. Super nayo inanyoa vizuri tu, kama Slim ya bei nzuri imekosekana usilie. Fatboy ni nzuri sana sibishi, lakini leo unalipia jina, na kijana wako afadhali hiyo tofauti akuletee mikebe ya sabuni ya kunyolea.

Kitu kimoja cha mwisho Afande, usiogope namba ndogo ati ni za watoto. Fatboy ilitengenezwa wakati wembe ulikuwa wa chuma cha kawaida, unapata kutu haraka na makali yanaisha. Wembe wa stenles, ule hausumbuliwi na kutu, ulikuja baadaye, kampuni ya Wilkinson Sword 1962, Gillette wenyewe wakafuata 1963. Kwa huu wembe wetu wa leo, 3 inafanya kazi kubwa.

Mjomba niko Busia, nafanya kliaringi ya malori mpakani, bosi anataka uso safi kila siku. Shingo yangu imejaa vipele, vingine vinatoa usaha. Kinyozi ananipaka spiriti naruka. Sahii natumia zile mashine za plastiki zenye nyembe tatu tatu. Nikinunua ya namba nikainyoa karibu sana vipele vitaisha?

Mwanangu, ukiinyoa karibu sana vitaongezeka.

Sikiliza. Nywele zetu zinajikunja. Ukiikata kwa ncha kali chini kabisa, inapoota tena inajipinda inarudi kuchoma ngozi, ama inakatwa chini ya ngozi haitoki kabisa inaotea ndani. Mwili unaona kama mwiba umeingia, unavimba. Ndo hivyo vipele. Si uchafu, si laana, na si ati wewe hujui kunyoa, inawapata sana watu weusi kila mahali, hata jeshi la Marekani kwa miaka mingi limekuwa linawapa wengine ruhusa ya daktari wasinyoe.

Zile za nyembe tatu zinakuumiza zaidi sababu wembe wa kwanza unavuta nywele juu, wa pili na wa tatu unakata, alafu nywele inarudi chini ya ngozi. Mashine ya wembe mmoja haifanyi huo mchezo, na hapo ndo ya namba inaweza kukusaidia, si kwa kunyoa karibu bali kwa kunyoa mbali kidogo kwa kutaka.

Kwanza acha kunyoa kabisa mpaka ngozi itulie, wiki 3 ama 4. Najua bosi, muonyeshe shingo, kama ana moyo ataelewa, kama hana muombe akuache upunguze na ile mashine ya umeme ya kinyozi bila kufika kwa ngozi. Zile nywele zilizojikunja ndani usizichimbue na sindano, kitambaa cha maji ya moto kidogo asubuhi na jioni zinatoka zenyewe pole pole.

Alafu ukirudi, weka pete kwa 2 ama 3, povu nyingi, pitisha kufuata vile nywele zinaota (shingoni zinaota kila upande, zipapase kwanza ujue), mpito mmoja tu, usivute ngozi kuinyoosha, usirudi kinyume hata kama mkono unakuwasha kurudi. Utabaki na kivuli kidogo cha ndevu. Kiache hicho kivuli! Hicho ndo kinazuia nywele kuingia ndani. Wembe ubadilishe mapema, ukianza kuvuta utupe. Na spiriti mwambie kinyozi apake vifaa vyake, siyo shingo yako, inakausha ngozi na kuichoma na hivyo vipele haiviponyi. Maji baridi na mafuta mepesi yasiyo na marashi yanatosha.

Vile vya usaha, na kama kuna vimekuwa vinundu vigumu visivyoshuka, hapo si kazi ya Mjomba. Tafuta daktari wa ngozi, hospitali ya Mulago wana kliniki yake, usiende duka la dawa ukapewa krimu ya kung'arisha.

Salamu Mjomba, mimi ni mama wa Arua. Baba mkwe alipofariki aliacha boksi lake, ndani kuna mashine ya Gillette nzito, chini ya kichwa imeandikwa F2. Mzee wangu anataka kuitumia na kijana wetu pia anaitaka. Mimi naogopa magonjwa. Na hiyo F2 ni nini?

Mama, poleni na msiba. Hizo za Boston za wakati huo, herufi ni mwaka na namba ni robo ya mwaka. F ni 1960, kwa hiyo F2 ni robo ya pili ya 1960. Kama ina pete ya namba hiyo ni Fatboy, ile Afande wa Bombo anaitamani hapo juu, msiiuze kwa mtu wa kwanza anayekuja mlangoni.

Chuma chenyewe kinasafishika. Maji ya uvuguvugu na sabuni ya vyombo, iache ilale humo, sugua na mswaki wa zamani mpaka kwenye milango, suuza, kausha, alafu ipitishe spiriti ya asilimia 70. Usiichemshe, rangi ya zile namba itatoka. Usitie jiki, usisugue na waya wa sufuria, nikeli ikiondoka hairudi.

Hofu yako ya magonjwa ni ya kweli lakini iko kwa wembe, si kwa boksi. Kirusi cha homa ya ini B kinaweza kukaa nje ya mwili angalau siku 7 bado kina nguvu, na damu ya kunyolea huioni kila mara. Wembe wa mtu ni wa mtu, baba na mwana wasichangie hata wakiwa wanapendana vipi. Na kwa kweli hata mashine yenyewe ningesema mzee achukue, kijana anunuliwe yake. Hiyo ya babu atairithi siku ikifika.

Mjomba, nimeona moja ya namba soko la Owino, Kampala, kwa mivumba (mitumba), imechafuka, pete haizunguki kabisa. Muuzaji ananiambia nichukue tu, mafundi chuma wa Katwe wataipiga na plaisi (koleo) na kuipolishi iwake. Nichukue?

Ssebo, plaisi tena? Ikishikwa na plaisi imekufa.

Pete ikigoma mara nyingi ni sabuni ya miaka mingi imekauka ndani kama saruji. Ukiichukua, iloweke kwa maji ya uvuguvugu na sabuni usiku mzima, suuza, jaribu na vidole tu. Haijakubali, loweka tena. Ikianza kusogea tia tone moja la mafuta mepesi, ya cherehani yanafaa. Na hiki wengi hawajui: kabla ya kuzungusha pete, legeza kwanza kifundo cha chini nusu zungusho, weka namba yako, alafu kaza. Ukilazimisha pete wakati wembe umebanwa ndani unachosha vyuma vyake, na spea hazitengenezwi tena.

Kabla hujatoa pesa iangalie kwa mwanga. Milango ikifungwa inakutana katikati vizuri? Nenda na wembe mpya mfukoni, uweke, tazama pande zote mbili: nafasi ya makali iwe sawa kushoto na kulia. Kama upande mmoja umetokeza na mwingine umejificha, kichwa kimepinda, mrudishie mwenyewe na asante. Pete isiyozunguka huwezi kuipima 1 na 9 pale sokoni, kwa hiyo bei ishuke sana, unalipia bahati nasibu. Katwe nawaheshimu kwa mageti na masufuria lakini ile mashine yao ya kupolishi itakula nikeli na namba zote kwa dakika moja.

Mimi wa Mbale. Mjomba hizo za zamani hapa hazipatikani. Hakuna mpya zenye namba?

Ziko. Kampuni ya Merkur ya Solingen, Ujerumani, bado wanatengeneza Progress, pete yake ni 1 mpaka 5, inafunguka vipande viwili na ukiirudisha kofia hakikisha alama yake imekaa sawa na ya mkono, la sivyo namba zitakudanganya. Ni imara, inanyoa vizuri, na kwa mtu asiyejali historia ningemwambia achukue hiyo aachane na kuzunguka sokoni. Wana na Futur, kubwa na kali, kofia yake unaing'oa na vidole vyenye sabuni karibu na makali, mimi siipendi. Wachina wamekopi hiyo Futur kwa bei ya chini sana, zingine zinanyoa vizuri, zingine pande mbili hazilingani, ipime kama nilivyomwambia huyo wa Owino.

Ukishapata, nunua pakiti ndogo ndogo za wembe tofauti, kila moja ijaribu kwa namba ile ile. Ukibadilisha wembe na namba siku moja hutajua kilichokukata ni kipi.