Kipepeo na Teke la Pili

Kipepeo kimepewa sifa ya kuwa mtindo wa kuogelea wa wenye mabega mapana, na sifa hiyo inawakatisha tamaa vijana wengi mno. Nimekuwa nikiwafundisha kuogelea hapa Arusha, na mwenyewe huu ndio mtindo ninaoupenda kuliko yote, kwa hiyo naomba niseme wazi: kinachowaangusha wengi ni teke la pili.

Kila mzunguko wa mikono una mateke mawili. La kwanza linapigwa mikono inapoingia majini, la pili mikono inapomaliza kusukuma maji karibu na mapaja. Hili la pili ndilo linaloinua nyonga na kuipa mikono nafasi ya kutoka. Ukilikosa, inabidi ujinyanyue kwa mabega peke yake, na hapo mita 25 zinakuwa safari ndefu. Huhitaji hata kutazama. Simama ukingoni usikilize: kwa anayepatia utasikia miguu mara mbili, kubwa na ndogo, kubwa na ndogo. Kwa aliyechoka utasikia moja tu, halafu kimya, halafu mikono ikikwaruza maji.

Mtindo huu ulizaliwa ndani ya mtindo wa chura, pale waogeleaji wa miaka ya 1930 walipoanza kurudisha mikono mbele kwa kuipitisha juu ya maji. Mwaka 1952 ukatenganishwa rasmi, na Olimpiki ya Melbourne 1956 ikawa ya kwanza kuwa na mashindano yake. Miguu ya pomboo, yaani miguu yote miwili kupiga pamoja kama mkia, ndiyo iliyoupa sura tunayoijua leo, ndiyo maana naanza na miguu.

Zoezi ninaloliamini kuliko yote ni la mkono mmoja. Mkono wa kushoto unabaki umenyooshwa mbele, wa kulia unafanya kazi, na pumzi unavuta kwa upande kama kwenye friistaili, mtindo wa mikono kupishana, ili shingo isikaze. Mateke yanabaki mawili kila mzunguko. Kwa kuwa mkono ni mmoja, unapata muda wa kulihisi lile la pili likikusukuma. Ukishalipata, changanya: kulia mara mbili, kushoto mara mbili, kisha mikono yote mara mbili. Binti mmoja wa kidato cha pili alikuwa akiniambia kila mara, “Mwalimu, mikono haitoki.” Sikumgusa mikono kabisa. Nilimrudisha kwenye mkono mmoja, nikamwambia apige teke la pili wakati kidole gumba kinapita paja. Siku aliporudia mikono miwili, viwiko vilitoka majini vyenyewe, akasimama katikati ya bwawa kunitazama kama nimeona. Nilikuwa nimeona.

Kichwa nacho kina wakati wake. Kinatoka kabla ya mikono na kinarudi kabla ya mikono. Kidevu kiteleze juu ya maji, macho yaangalie maji yaliyo mbele yako kidogo tu, hata kama asubuhi hiyo Mlima Meru umefunguka wote. Ukiinua uso kutafuta ukuta wa mbele, nyonga zinazama palepale.

Sasa suala la pumzi, ambalo kwetu ni zito. Arusha iko kama mita 1,400 juu ya usawa wa bahari, hewa ni nyepesi, na anayetoka Dar au Tanga hulitambua siku ya kwanza. Makocha wengi husisitiza kuvuta pumzi kila mzunguko wa pili. Kwa anayejifunza huku juu mimi naruhusu kila mzunguko, mradi kidevu kikae chini. Michael Phelps, aliyechukua dhahabu ya mita 200 za kipepeo mwaka 2004, 2008 na 2016, alijulikana kwa kuvuta pumzi mara nyingi hivyo hivyo.

Kwa sababu hiyo hiyo, usijifunze kwa masafa marefu. Piga kipepeo nusu ya bwawa, malizia kwa friistaili ya polepole, pumzika mpaka pumzi itulie, rudia. Teke la pili likipotea, umemaliza kwa siku hiyo, hata kama bado una hamu. Ukiendelea unaufundisha mwili kipepeo cha uchovu, na kukisahau ni kazi kubwa.

Mapezi mafupi ya kuvaa miguuni yanasaidia, lakini yavue kabla ya kumaliza mazoezi. Juni na Julai maji yetu ni baridi, basi zungusha mabega nchi kavu mpaka yapate joto. Misuli kuuma kesho yake ni kawaida. Maumivu makali ya kuchoma mbele ya bega siyo, toka majini.

Na kila unapofika ukutani, gusa kwa mikono yote miwili kwa pamoja, hata mazoezini, hata umechoka. Kwenye mashindano, anayegusa kwa mmoja anaondolewa.