Kamera, bando na ukimya wa darasa la mtandaoni

Barua nyingi safari hii zimetoka kwa wanafunzi wa vyuo vikuu wanaosomea mtandaoni, na mbili zimetoka kwa watu wazima wanaowashangaa.

Shikamoo mwalimu. Mhadhiri wetu anataka tuwashe kamera kipindi kizima, asiyewasha anahesabiwa mtoro. Nasoma kwa simu na bando langu halimalizi wiki. Je, mimi ndiye mkaidi?

Marahaba. Hesabu iko upande wako. Video inayopita kwa megabiti 1 kwa sekunde hula megabaiti 450 kwa saa. Sauti peke yake, kwa kilobiti 64, haifiki megabaiti 30. Bando linaloisha kwa saa moja ya video lingekusikilizisha mihadhara saa kumi na tano. Na kamera yako ni mzigo juu ya mzigo: unalipa kutazama, unalipa na kutazamwa.

Tume ya intaneti iliyoundwa na ITU, shirika la mawasiliano la Umoja wa Mataifa, pamoja na UNESCO, ilijiwekea lengo kwamba kufikia 2025 gharama ya intaneti ya msingi katika nchi zinazoendelea iwe chini ya asilimia 2 ya wastani wa pato la mtu kwa mwezi. Wastani huo ni wa nchi nzima. Mwanafunzi anayesubiri mkopo yuko mbali nao.

Usiende peke yako kulalamika. Nendeni na kiongozi wa darasa, mkiwa na pendekezo mkononi: mahudhurio yapimwe kwa swali fupi katikati ya kipindi, kisha sauti iliyorekodiwa iwekwe pamoja na slaidi. Mkumbusheni mhadhiri pia kwamba wengine huzima kamera kwa sababu nyuma yao wadogo zao wamelala.

Nafanya utafiti wa uzamili kuhusu maoni ya wanafunzi juu ya jukwaa la chuo. Nimesambaza kiungo cha dodoso, na karibu wote waliojibu wanalisifu. Msimamizi wangu anasema matokeo hayamwingii akilini. Nimekosea wapi?

Msimamizi wako ana pua nzuri. Umewauliza walioko mtandaoni kama mtandao unawafaa. Aliyeshindwa kuingia kwenye jukwaa ndiye huyo huyo aliyeshindwa kufungua kiungo chako. Kwa makadirio ya ITU ya 2024, katika nchi zenye kipato cha chini ni asilimia 27 tu ya watu waliotumia intaneti, na katika nchi tajiri ni 93. Ndani ya chuo hali ni afadhali, lakini ufa uleule upo kati ya mwenye kompyuta yake na anayeazima simu. Chapisha dodoso, uligawe kwa mkono siku ya mtihani, siku ambayo hata wasioonekana huonekana.

Halafu maswali yenyewe. Uliyoniambatishia yametoka kwenye modeli ya mtafiti Fred Davis ya 1989 kuhusu kwa nini watu hukubali teknolojia: je, chombo kina manufaa, je, ni rahisi kutumia? Ni modeli nzuri, ila ilijaribiwa kwa programu kama barua pepe, kwa watu ambao kompyuta ilikuwa mezani tayari. Hakuna aliyehitaji kuwauliza nani analipia bando. Wewe uliza. Uliza pia matukio, uachane kidogo na sifa. Badala ya "jukwaa ni rahisi, unakubali au unakataa", andika: mara ya mwisho ulipofanya jaribio mtandaoni ulikuwa wapi, kwa kifaa gani, na nini kilitokea? Hapo ndipo utampata aliyekaa chini ya ngazi kwa sababu ndipo penye mtandao, ukurasa unazunguka tu huku saa ya jaribio ikihesabu.

Mimi ni mhadhiri. Nimefungua uwanja wa majadiliano kwenye jukwaa, haandiki mtu. Wote wako WhatsApp. Niwakate alama?

Ukikata alama utavuna "nakubaliana na mwenzangu" mia moja. Kule WhatsApp mtu anauliza swali la kijinga, anacheka, analifuta. Kwako jina lake kamili linabaki hapo muhula mzima, na wewe ndiye mtoa alama. Watafiti Garrison, Anderson na Archer waliandika mwaka 2000 kwamba darasa la mtandaoni linahitaji uwepo wa aina tatu, mmoja ukiwa wa mwalimu. Samahani kwa swali: mara ya mwisho wewe kujibu pale ilikuwa lini?

Nimejiandikisha kozi tisa za bure mtandaoni, sijamaliza hata moja. Ni uvivu?

Kama ni uvivu, basi ni wa dunia nzima. Uchambuzi wa kozi za Harvard na MIT kwenye edX, jukwaa la kozi za mtandaoni, uliotoka katika jarida la Science mwaka 2019 ulionyesha kuwa mwaka wa masomo 2017–18 waliomaliza walikuwa kama watatu kwa kila mia. Futa nane, ubaki na moja.

Mwanangu anataka kusoma chuo huria, nyumbani. Hiyo ni shahada kweli?

Ni shahada, mradi chuo kina ithibati ya mamlaka ya elimu ya nchi husika. Elimu hii si mtoto wa jana: Chuo Kikuu cha Afrika Kusini, Unisa, kilianza kufundisha kwa posta mwaka 1946, Open University ya Uingereza ikapata hati yake 1969, na India ikaanzisha chuo kikuu huria cha taifa, IGNOU, 1985. Uliza mitihani inafanyikia wapi na nani anasahihisha. Na akishaanza, mzazi mwenzangu, ukimkuta ameinamia simu usimtume maji kabla hujamuuliza kama yuko darasani.