Gari la spoti la zamani kwa hela ya mwanafunzi: anza chini ya mlango

Wadogo zangu mnaosoma Uingereza mmekuwa mkiniuliza swali moja: kwa hela ya mwanafunzi, mtu anaweza kupata gari la spoti la zamani lisilomfilisi? Anaweza. Mimi nililipata nikiwa mwaka wa pili chuoni, Birmingham, na nikaliendesha miaka minne. Ila kabla yake nusura ninunue jingine ambalo lingenimaliza, na kwa hilo ndiko ninakoanzia.

Lilikuwa MGB GT, gari dogo la spoti la Kiingereza, ya mwaka 1972, jekundu, limepigwa rangi likang'aa mpaka unajiona uso. MGB zilitengenezwa kuanzia 1962 hadi 1980, kwa hiyo zipo nyingi, spea zake bado zinapatikana, na injini yake ya cc 1,798 inaeleweka na fundi yeyote aliyezoea kabureta. Halafu Uingereza gari likishatimiza miaka 40 husamehewa kodi ya barabara, na kwa kawaida halilazimiki tena kwenda kwenye ule ukaguzi wa kila mwaka, MOT. Nikaona bahati imeniangukia.

Nikampigia kaka yangu kwa video. Yeye ni fundi bodi, yuko Tanga. Muuzaji akawasha gari, injini ikanguruma vizuri, nikaisogeza simu ili kaka asikie. Akanikatisha. "Achana na injini, mdogo wangu. Piga magoti, nionyeshe chini ya mlango." Nikapiga magoti kwenye changarawe. Mfukoni nilikuwa na sumaku ya friji, yeye ndiye aliyeniagiza niende nayo. Mlangoni iling'ata. Kwenye ule ukingo wa bodi unaopita chini ya mlango, kutoka tairi la mbele hadi la nyuma, ikateleza ikaanguka. Nikairudisha, ikaanguka tena. Sehemu yenye urefu wa mkono mzima haikuwa na bati, ilikuwa puti tupu, ile dawa ya kuzibia mashimo ya bodi, iliyopakwa rangi. Kaka akasema, "Injini utanunua nyingine. Bodi ikishaoza, huna gari."

Na MGB haina chesisi ya peke yake, tofauti na Land Rover za zamani. Bodi yenyewe ndiyo inayobeba kila kitu. Kuukata ukingo ule na kuchomelea mpya ni kazi inayoweza kula pesa nyingi kuliko gari lenyewe. Siku hiyo ndipo nilipouona ubaya wa ule msamaha wa ukaguzi: gari lisilolazimika kukaguliwa huenda miaka inapita hakuna aliyelichungulia chini. Ukilipenda gari la umri huo, lipa wewe likapimwe MOT kabla hujatoa hela. Mwenye gari akikataa, aga uondoke.

Sisi tuliokulia pwani tunajua chumvi inavyokula bati. Kule Uingereza wanaimwaga wenyewe barabarani wakati wa baridi ili barafu isigande, na magurudumu yanairusha chini ya gari majira yote hayo.

Jambo la pili ni bima, na kwa kweli ndilo linalopaswa kutangulia. Nilikuwa na pauni 3,200, akiba ya kazi ya ghala niliyofanya ndani ya yale masaa 20 kwa wiki ambayo viza ya mwanafunzi wa shahada inaruhusu wakati wa masomo. Nilidhani zote ni hela za gari. Chukua namba ya usajili ya gari unalolitaka, iingize kwenye tovuti zinazolinganisha bei za bima, kabla hata hujampigia muuzaji. Andika umri wa kweli, anwani ya kweli, leseni ya kweli. Leseni ya Tanzania inakuruhusu kuendesha kule miezi 12 tu tangu uanze kuishi. Baada ya hapo lazima ufanye mtihani wao, na mwenye leseni ya nje mara nyingi hutozwa zaidi. Mimi nilisubiri nikafaulu kwanza. Kuna bima maalumu ya magari ya zamani, bei yake ni nafuu, lakini mara nyingi inataka uwe umeshavuka umri fulani, uwe na gari jingine la kila siku, tena uwe na banda la kulilaza. Mwanafunzi aliyepanga chumba atavitoa wapi? Mgawanyo wangu ulikuwa hivi: gari 1,700, bima 850, na 650 nikaziweka pembeni kwa matengenezo. Hizo 650 zilikwisha ndani ya miezi mitano.

Gari lenyewe lilikuwa MX-5 ya 1992. Mazda waliizindua mwaka 1989 kwenye maonyesho ya Chicago, na kizazi hicho cha kwanza, chenye taa zinazochomoza, kiliishia 1997. Uzito wake ni kama tani moja, magurudumu ya nyuma ndiyo yanayosukuma, injini ni lita 1.6 au 1.8. Nyingi zililetwa Uingereza kama mtumba kutoka Japani, zikiwa na jina la Eunos. Hizo zimehesabu kilomita, kwa hiyo ukitajiwa maili, uliza zimepatikanaje.

Nililipenda kwa sababu moja ambayo mwenye hela chache ataielewa: taimingi belti, ule mkanda unaoendesha valvu za injini, ikikatika, valvu hazigongani na pistoni. Gari linazima tu, unafunga belti mpya, safari inaendelea. Ukisikia tik-tik-tik asubuhi injini ikiwa baridi, usikimbie, mara nyingi inadai oili safi tu. Klachi ikiwa laini kupita kiasi, tazama ile silinda ndogo ya klachi iliyo chini, huvuja sana, na spea yake si ghali.

Historia ya MOT ipo bure kwenye tovuti ya serikali. Usiishie kwenye kufaulu na kufeli, soma yale maonyo. Kama kutu imetajwa miaka miwili mfululizo halafu mwaka wa tatu imepotea, uliza nani alichomelea na risiti iko wapi.

Adui mkubwa wa MX-5 ni maji ya mvua. Yanayotiririka kutoka kwenye paa lake la turubai hupita kwenye mifereji miwili nyuma ya viti, yakatokea chini, mbele kidogo ya tairi la nyuma. Majani yakiziba, maji yanabaki ndani ya ukingo ule ule wa chini ya mlango, na bati linaoza kuanzia ndani huku rangi ya nje ni nzima. Ndiyo maana nilipokwenda kuliona nilibeba chupa ya maji. Nikamwomba mzee mwenye gari ruhusa, nikamimina kidogo kidogo nyuma ya kiti cha dereva, kisha nikainama kusubiri. Upande huo yakatoka. Upande wa pili nikamimina vilevile, hayakutoka. Nikabonyeza bati kwa kidole gumba, likawa gumu, sumaku ikang'ata mwanzo hadi mwisho. Mzee akapunguza pauni 150, nikalipa, na kabla sijaondoka uani kwake nikaingiza waya mwembamba wa plastiki kwenye mfereji ulioziba. Yakamwagika maji meusi yenye majani yaliyooza, karibu lita nzima.