Golf inaniacha mlimani: nibadilishe difu?

SWALI: Fundi, habari za kazi. Nina Suzuki Swift Sport ya 2013, gia za mkono, farasi 136. Rafiki yangu ana Golf GTI ya 2007, farasi 200. Kwa sababu ya mashimo nilitoa tairi za kiwandani, 195/45 R17, nikafunga 205/50 R17. Tangu hapo gari imekuwa nzito. Juzi nilipanda mlima wa Bugando tukiwa wanne ndani, Golf ikaniacha vibaya. Nimeshauriwa nifunge difu fupi (gia ya mwisho kabla ya magurudumu, yenye kuongeza mvuto na kupunguza kasi ya kila gia). Nitoe hela? (Msomaji, Buswelu, Mwanza)

JIBU: Usitoe bado, ndugu yangu. Hiyo difu itakuuzia kile ambacho tairi zimekunyang'anya.

Tairi ya kiwandani ina kipenyo cha milimita 607 hivi. Uliyofunga ni 637, imezidi kwa asilimia 5. Tairi kubwa ni sawa na gia ndefu: nguvu ya kuvuta inapungua kwa asilimia hiyo hiyo kwenye kila gia, kuanzia ya kwanza hadi ya sita. Kwa hiyo difu iliyofupishwa kwa asilimia 5 inakurudisha ulipokuwa, basi. Tena spidomita yako sasa inasoma pungufu kuliko zamani, na trafiki wenye tochi hawasikilizi hesabu za tairi.

Twende kwenye uzito. Swift tupu ni kama kilo 1,050, Golf kama 1,330. Kila farasi wako anavuta kilo 7.7, wa mwenzako 6.7. Pengo si la kutisha. Sasa pakia watu wanne, tuseme kilo 280, kila gari: wako anavuta 9.8, wake 8 na kidogo. Gari nyepesi ndiyo inayoumizwa zaidi na abiria. Na kama mwenzako alikuwa peke yake (hukusema), basi siku hiyo wewe ulikuwa daladala.

Kuna jambo ambalo watu wa Mwanza tunalisahau: ziwa letu liko zaidi ya mita 1,130 juu ya usawa wa bahari. Hewa ni nyepesi, na injini isiyo na tabo (turbo) kama yako hupoteza zaidi ya asilimia 10 ya nguvu. Tabo ya Golf inaisukuma hewa ndani kwa lazima, hivyo yeye hapotezi sana. Isitoshe, injini yake inatoa nguvu yake yote ya kuzungusha, Nm 280, kuanzia mizunguko 1,800 tu kwa dakika. Yako inafikia Nm 160 kwenye 4,400. Mlimani yeye anakanyaga tu, wewe lazima ushushe gia.

Difu fupi zaidi ya hiyo ya asilimia 5 ina raha yake mjini, sikatai. Lakini kila gia inaisha mapema. Kama gia ya pili ilikuwa inakufikisha karibu na kilomita 100 kwa saa, sasa utalazimika kuingiza ya tatu kabla, na muda wa kukanyaga klachi unakula faida yote. Ukienda Shinyanga, injini italia njia nzima na mafuta utayaona.

Rudisha 195/45, kwenye mashimo punguza mwendo. Mlimani ingiza ya pili mapema, mshale wa mizunguko usishuke chini ya 4,000. Kisha pandeni tena Bugando, abiria idadi sawa kila gari.