Dogo, dai beji yako hata wakisema una makuu

Juzi kuna dogo kaniandikia inboksi, kaajiriwa kitengo cha eksirei kituo kimoja huko Lindi, anauliza eti kaka nikidai beji ya kupimia mionzi si wataona nina makuu? Nimecheka, halafu roho ikauma, maana hilo la "ana makuu" nimesemwa sana.

Kazi yangu ya kwanza hapa Mtwara nilikuwa kwa bosi mmoja simtaji. Aproni ya risasi, yaani ile yenye madini ya kuzuia mionzi, ilikuwa moja, imekunjwa kabatini kama kitenge. Nikawaambia jamani hii haikunjwi, inatundikwa, risasi inapasuka kwa ndani na kwa nje huoni kitu, wakacheka. Nikaitandaza mezani nikaipiga eksirei yenyewe, michirizi myeusi ikatokea palepale penye mikunjo, nikampelekea bosi. Akaniambia mdogo wangu, foleni ya wagonjwa hiyo. Nikaondoka zangu. Leo haohao wakisikia wakaguzi wa Tume ya Nguvu za Atomiki wanakuja kusini simu yangu haipoi, "kaka tusaidie". Nawasaidia, ila sijasahau.

Sasa dogo sikiliza. Kikomo chetu wafanyakazi ni wastani wa milisiveti 20 (kipimo cha mionzi inayoupata mwili) kwa mwaka ukipigia hesabu miaka 5, na hakuna mwaka wa kuvuka 50, sasa bila beji wewe utajuaje upo wapi? Ukipewa ivae kifuani ndani ya aproni, usiisahau imening'inia chumba cha mashine, itasoma mionzi ambayo hukuila wewe. Umbali nao hauuzwi, ukitoka mita 1 ukasimama mita 2 toka chanzo cha mionzi unapata kama robo tu. Na hii tabia ya kumshikilia mtoto mwenyewe kwa huruma acha kabisa, mama yake yupo, muulize kwanza kama ana ujauzito, kama hana mvalishe aproni amshike yeye, maana yeye ni leo tu, wewe kesho unaletewa mwingine wa bodaboda kutoka Masasi na keshokutwa mwingine. Halafu bana mwanga wa mashine unaoonyesha mionzi itapiga wapi, unapiga kiganja mionzi mpaka kifuani ya nini?

Vijana wa kada hii tunapenda sana kuposti statasi na koti jeupe, tunakimbilia kozi za siti skani, ila kudai kitu kinacholinda mwili wako tunaona aibu. Aibu ya nani?

Dai kwa barua, usidai kwa mdomo, na nakala yako waigonge muhuri wa kupokelewa.