Usikitazame kitu, litazame neno: nomino za kuhesabika kwa Kiingereza

Mleta mada anauliza: kama taarifa mbili ni taarifa mbili, kwa nini "informations" ni kosa? Na je, kuna njia nyingine zaidi ya kukariri orodha? Mimi ni mtafsiri, na jambo hili lilinitoa jasho kwa muda mrefu, kwa hiyo mniwie radhi nikiandika kwa urefu.

Kazi yangu ya kwanza ya kulipwa ilirudi kutoka kwa mhariri ikiwa na maduara mekundu kila mahali. Sentensi moja naikumbuka hadi leo: "We need informations and advices about the new equipments." Maduara matatu, yote kwenye herufi s. Hakuandika maelezo yoyote, ila pembeni aliweka herufi U mara tatu. Nilipofungua kamusi ya wanaojifunza Kiingereza nikaikuta U ileile kando ya maneno yote matatu, na C kando ya maneno kama "book" na "idea". C ni la kuhesabika, U ni lisilohesabika. Kamusi hiyo nilikuwa nayo miaka yote, lakini sikuwahi kujiuliza herufi hizo zinafanya kazi gani.

Kosa langu lilikuwa kukitazama kitu badala ya neno. Meza na viti vinahesabika, basi nikaandika "furnitures". Lakini angalia "money": hakuna kitu kinachohesabiwa duniani kama fedha, na bado neno hilo halihesabiki. Zinazohesabika ni "coins" na "notes". Kiingereza kinaichukulia "furniture" kama rundo moja, jinsi sisi tunavyouchukulia mchanga. Ukitaka kuhesabu, unamega kwanza: "a piece of furniture", "two pieces of advice", "three bars of soap", "a loaf of bread".

Anayeamua ni msemaji wa lugha, si kitu chenyewe. Zamani Waingereza walikuwa na neno "pease", njegere kwa ujumla wake, kama sisi na mchele. Watu wakaisikia ile sauti ya mwisho wakadhani ni alama ya wingi, wakaiondoa, na katika karne ya 17 likapatikana neno "pea", njegere moja. Si ajabu kwetu sisi tulioichukua "keep left" ya barabarani tukapata kipilefti, wingi vipilefti.

Sasa tuone Kiswahili kinatuponza wapi, maana hapa ndipo penye kiini cha swali lako. Tunasema maarifa haya, maendeleo haya, vifaa hivi, mizigo hii, nywele hizi. Sikio limeshazoea upatanisho wa wingi, kwa hiyo mkono unaandika "knowledges", "progresses", "luggages". Ukiandika "my hairs are long", msomaji anaona unywele mmoja mmoja uliochambuliwa, wakati wewe ulimaanisha kichwa kizima. Kwa upande mwingine, maneno mengi ya dhahania yanayoanza na u- yatakusaidia: upendo, uvumilivu, ushahidi. Hayana wingi kwetu, na wenzake "love", "patience" na "evidence" kwa kawaida hawana wingi kule. Ila jihadhari na utafiti. Sisi tunasema tafiti, lakini ukitaka kuzihesabu kwa Kiingereza andika "studies", achana na "researches".

Nyumba moja, nyumba mbili. Kwa kuwa neno letu halibadiliki, wengi huandika "two house". Kutobadilika si kutohesabika: "sheep" ni ileile kwa umoja na wingi, na bado unasema "a sheep" na "ten sheep". "News" nayo ina s mwishoni, lakini ni "the news is good".

Kosa ninaloliona mara nyingi kuliko yote, hata kwa watu wenye Kiingereza kizuri, ni "I bought book". Nomino ya kuhesabika ikiwa katika umoja haisimami peke yake. Inataka kitu mbele yake: "a", "the", "my", "this", "every". Zipo semi zilizokwisha kuganda kama "by bus" na "at home", hizo unazichukua zilivyo. Ukiliacha neno peke yake, maana inahama. "I like dogs" ni kuwapenda mbwa. "I like dog" ni kupenda nyama yake. Ndivyo ilivyo pia kwa "paper" na "a paper", "iron" na "an iron": ya kwanza ni mali ghafi, ya pili ni kitu chenye umbo na kazi, yaani gazeti au makala, na pasi. "Experience" ni uzoefu, "experiences" ni mambo yaliyokupata. Ndiyo maana kamusi huweka C na U zote mbili kwenye baadhi ya maneno, kila moja kwa maana yake.

Kuhusu "many" na "much" sitakaa sana, la kwanza ni la C na la pili ni la U. "Few" na "little" hufuata mgawanyo huohuo, lakini hapo pana mtego. Niliwahi kumwandikia mteja "I have few comments", nikimaanisha nina maoni machache ya kumpa. Yeye akaelewa kwamba sina la maana la kusema, akachapisha bila kusubiri masahihisho yangu. Nilipaswa kuandika "a few comments". Kiswahili kinasema machache kwa yote mawili, na "a" moja tu ndiyo iliyoleta hasara.

Kuhusu kukariri: siandiki tena neno peke yake kwenye daftari. Naandika "some advice", "a piece of news", "an idea", "too much luggage", ili neno liingie kichwani pamoja na jirani yake. Orodha ya yanayotusumbua sana si ndefu. Anza na haya: "information", "advice", "equipment", "furniture", "luggage", "homework", "news", "research", "knowledge", "progress". Ukishaandika sentensi mbili za kwako kwa kila moja, ziweke hapa tuzipitie pamoja.