Jibu: Inkubeta ya kujitengenezea, balbu ngapi, maji kiasi gani, mayai nigeuze vipi?

Mkuu, usiweke hayo mayai kwenye hiyo inkubeta (boksi la kutotolesha vifaranga)! Nimeikuza picha uliyotupia, waya wa sensa, ile ncha inayopima joto, umening'inia pembeni kabisa ya balbu. Habari za balbu ngapi na maji kiasi gani ziweke kando kwanza.

Mimi huku Ujiji niliuziwa boksi la hivyohivyo na fundi mmoja, kafunga themostati ya STC-1000, kifaa cha kuwasha na kuzima taa kufuata joto. "Mzee, hii otomatiki, weka mayai ukalale." Nikalala kweli. Kioo cha themostati kinasoma nyuzi 37.5 asubuhi, 37.5 usiku, najipongeza. Kumbe themostati haina habari na mayai, inajua joto la pale ilipo ncha ya sensa basi. Balbu ikiwaka tu, sensa jirani yake inapata moto, taa inakatwa, huku trei ya pembeni haijapata kitu. Upepo wa ziwa ukipiga usiku boksi linazidi kupoa, na mashine imeridhika.

Siku ya 21 kimya. Ya 22 kimya. Nikapasua yai: kifaranga kamili, manyoya yameota, kiini bado hakijaingia tumboni, kafa. La pili hivyohivyo. Waliotoka walikuwa wachache, wanyonge, hata kusimama shida. Jirani akaniuliza kama siku hizi nauza mayai viza. Nikamjibu wateja wapo, apange foleni.

Nikampigia fundi. Eti mayai yangu hayakurutubishwa na jogoo. Yana vifaranga ndani, we baba!

Sensa ikae usawa wa mayai, katikati ya trei, mbali na balbu, isiguse ukuta. Feni izunguke muda wote, usiiunge kwenye themostati, maana ikizima pamoja na taa joto lote linabaki juu. Weka kipimajoto kingine juu ya trei, kikipishana na kioo rekebisha kwa F4, mpangilio wa themostati wa kusahihisha usomaji. F2, yaani tofauti ya joto kati ya kuzima na kuwasha taa, ishushe mpaka 0.3, ukiiacha kubwa joto litakuwa linapanda na kushuka ovyo. Halafu iwashe tupu usiku na mchana, ukihamisha kile kipimajoto kona hadi kona. Kona ikisoma 35, ni 35, hata kioo kiseme nini na fundi aape vipi.

Kugeuza ni mara tatu au zaidi kwa siku, siku ya 18 unaacha. Ya maji watakuja wengine.